Mzima Namba Tatu

Mtu akitaka kujua thamani yake hapa duniani, asubiri kitu cha bei kubwa kiharibike karibu naye. Asubuhi hiyo kilichosemwa kimeharibika kilikuwa ndani ya kichupa kidogo kuliko kidole cha mtoto mchanga, na aliyekuwa karibu nacho alikuwa Dada Vishimo.

Jina hilo alipewa na wenzake wa maabara. Kwa miaka sita kazi yake ilikuwa kudondosha matone kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo tisini na sita, tone kwa tone, bila kuruka kishimo wala kurudia. Wengine hula kwa jasho. Yeye alikula kwa kutotetemeka mkono.

"Umeiua," Profesa alisema. Alikuwa amesimama katikati ya maabara, mahali ambapo kila mtu angemsikia bila kujitahidi. "Kingamwili mpya kabisa. Umeiua."

"Profesa, nilifuata utaratibu wote. Ilipofika tu niliigawa kwenye vichupa, nikaiweka kwenye friza. Kila kichupa natumia siku moja, kisha natupa. Sijagandisha mara mbili hata kimoja."

"Unajua bei yake?"

"Najua, Profesa."

"Hujui. Ni mshahara wako wa miezi mitano, na nauli ya ndege juu. Wewe umewahi kupanda ndege?"

"Hapana."

"Hii imepanda. Imekaa kwenye barafu kutoka huko ilikotoka, imevuka bahari salama, ikaja kufia mikononi mwako."

Watu wawili walicheka kidogo, kile kicheko cha kumwonyesha mkubwa kwamba umesikia. Kijana mmoja mwenye miwani minene, ambaye naye wenzake hawakumwita vingine ila Miwani, aliinamisha kichwa akajifanya anahesabu glavu.

Kuua kingamwili ni kesi kubwa. Ndani ya mwili seli hazina simu. Zikitaka kuambiana kwamba kuna hatari, hutuma vijiprotini vidogo mno vikimbie kwenye damu, kama watoto waliotumwa kwa jirani. Vikiwa vichache, mwili umetulia. Vikiwa vingi, kuna mahali panaungua. Macho hayavioni. Kinachoviona ni kingamwili, ambayo kati ya maelfu ya protini hutambua kimoja tu, chake, ikakinasa. Na kishimo chenye damu hiyo kikageuka rangi ya njano. Njano hafifu ya kubahatisha, mtu ni mzima. Njano ya kiini cha yai, mtu ana jambo. Ila kingamwili yenyewe ina maringo kama bibi harusi: ikiyeyuka ikagandishwa tena, ikayeyuka tena, haioni kitu, au inaona kila kitu, jambo ambalo ni baya zaidi.

Na hii, kwa maneno ya Profesa, ilikuwa inaona kila kitu. Kwenye kila sahani lazima awepo mtu mwenye afya wa kulinganishia wagonjwa. Kwa wiki mbili mfululizo, kishimo cha mwenye afya kilikuwa kinawaka njano kuliko vya wagonjwa wenyewe.

"Mkataba wako unaisha Ijumaa ijayo," Profesa alisema, akivua miwani yake na kuifuta. "Ukinithibitishia kwamba hukuiharibu, tutazungumza. Usiponithibitishia, hatuna la kuzungumza. Na bei yake itatafutwa kwenye kiinua mgongo chako."

Akaondoka. Dada Vishimo akavaa glavu nyingine, ingawa zile za kwanza zilikuwa safi.

*

Huyo mwenye afya wa kulinganishia alikuwa na jina kwenye lebo: Mzima Namba Tatu. Zamani wazima walikuwa sita. Walikuja kila mwezi, wakatoa damu kidogo, wakapewa juisi na nauli. Kisha Profesa akaona nauli ni upotevu, akaifuta, akaacha juisi. Watano wakagundua kwamba juisi hata nyumbani ipo. Aliyebaki ni Namba Tatu, na alibaki kwa sababu moja: mkewe ndiye aliyekuwa anamtoa hiyo damu.

Kwa hiyo maabara nzima, pamoja na vyeti vyake vyote ukutani, ilipima ugonjwa wa watu kwa afya ya fundi makochi mmoja. Mtaani walimwita Chuma. Alikuwa mtu wa kubeba kochi la watu watatu peke yake mgongoni, huku akipiga mluzi. Alikuwa hajawahi kulazwa, na alilisema hilo mara nyingi mno, kama mtu anayesoma wasifu wake.

Jioni hiyo alimkuta mkewe ameketi mlangoni bila kuvua viatu.

"Leo umenuniwa na nani?"

"Profesa. Anasema nimeua kingamwili."

"Inazikwa lini, tutoe rambirambi?"

"Baba watoto, sitanii. Ijumaa ijayo mkataba unakwisha. Nisipothibitisha kwamba kingamwili ile ni nzima, natoka."

Mama mkwe, aliyekuwa akikunja nguo za wajukuu kitandani, hakuinua uso. "Nilisema tangu mwanzo. Kazi ya kuchezea damu za watu haina mwisho mwema. Lakini mimi nani? Mimi mama tu."

"Mama, kazi hiyo ndiyo inayowasomesha hawa unaowakunjia nguo," Chuma alisema.

"Na wewe makochi yako yanafanya nini?"

"Yananikalia mimi siku hizi," Chuma akajibu, akajitupa kwenye kiti. "Leo nimeinua moja nikaliweka chini njiani. Nikawaambia wenye nyumba nalipumzisha kochi."

Akacheka, na mama yake akacheka. Dada Vishimo naye alitabasamu, na alipokuwa akitabasamu aliona kwenye mkanda wa mumewe kitobo kipya, kilichotobolewa kwa sindano ya kushonea makochi. Kilikuwa cha tatu.

"Umekonda."

"Nimepunguza kitambi. Kuna watu wanalipia."

"Kitambi gani? Hukuwa nacho."

"Basi nimekiwahi." Akamvua kiatu kimoja, kisha cha pili. "Sikiliza, mama watoto. Labda damu ile ilikaa vibaya. Nichukue nyingine kesho. Damu yangu unaijua. Hata mbu wakiipata hupata kizunguzungu."

Alimshukuru. Hata usiku, alipogeuza mto wa mumewe akaukuta umelowa jasho kama ulioachwa mvuani, alisema moyoni kwamba joto limezidi mwaka huu. Mtu mwenye shida moja kubwa hana nafasi ya kuona ya pili.

*

Chuma alifika maabara amevaa shati la kutokea. Alikaa kwenye korido, mkono umekunjwa tayari, akimtania Miwani.

"Shemeji, ukiwa na kochi bovu niambie. Kwako nachukua nusu bei. Nusu nyingine unanipa baadaye."

Profesa akapita, akasimama. "Huyu ni nani kwenye korido yangu?"

"Ni Namba Tatu, Profesa," Miwani akasema.

"Aa." Profesa alikuwa ameshaanza kuondoka. "Mwambie apitie mlango wa nyuma. Huu ni wa wageni."

Hakumwambia Chuma; alimwambia Miwani, ingawa Chuma alikuwa katikati yao. Dada Vishimo, sindano mkononi, aliona aibu kana kwamba amevuliwa nguo.

"Umesikia?" Chuma akamnong'oneza. "Nimepata namba. Wenzangu mtaani hawana hata herufi."

Alitoa damu, akanywa juisi yake, akatokea mlango wa nyuma.

Safari hii Dada Vishimo alikuwa amepanga hoja. Kama kingamwili imekufa ikawa inaona kila kitu, basi itamwona kila mtu. Alijichoma mwenyewe. Akamchoma Miwani, aliyefumba macho kama anachomwa mkuki. Akatoka hadi getini kwa mlinzi mzee.

"Mzee wangu, naomba damu kidogo."

"Ya nini, mwanangu?"

"Ya kuniokoa kazi."

"Chukua. Lakini uache ya kunirudisha nyumbani."

Alifanya kazi hiyo kama mtu anayetega saa. Kila tone mahali pake, kila damu vishimo vitatu, dakika kwa dakika. Alipodondosha tone la mwisho, lile la asidi linalogeuza buluu kuwa njano, alifumba macho, akahesabu hadi kumi, akafumbua.

Vishimo vyake vilikuwa vyeupe kama maji. Vya Miwani, maji. Vya mlinzi, pamoja na miaka yake sabini na magoti yake, maji matupu. Wagonjwa walikuwa njano, kila mmoja kwa kiasi chake.

"Inaona!" alipiga kelele. "Miwani! Njoo uone! Haijafa! Haioni kila mtu, inaona wanaotakiwa kuonwa!"

Miwani alikuja mbio, akaangalia, akamshika mikono wakazunguka katikati ya meza kama wanafunzi waliofaulu. "Dada, umepona! Umepona kabisa! Sasa Profesa ameze maneno yake, na maji asipewe!"

"Nilisema! Mkono wangu huu haujawahi..."

Akaachia mikono ya Miwani. Miwani aliendelea kucheka peke yake kidogo, kisha akafuata macho yake hadi kwenye sahani.

Safu ya nne. Vishimo vitatu vilivyofuatana. Njano nzito iliyokoza, kuliko ya mgonjwa yeyote kwenye sahani hiyo.

"Hiyo ni ya nani?" Miwani aliuliza, ingawa lebo ilikuwa mbele yake, kwa mwandiko wa Dada Vishimo.

Kwa wiki mbili alikuwa anamwomba Mungu kingamwili iwe nzima. Dua imepokelewa.

*

Friza ya maabara haitupi kitu. Damu ya Chuma ilikuwa humo, mwezi baada ya mwezi, kwenye vichupa vyenye tarehe. Alivitoa vya miezi kumi, akaviyeyusha, akavipanga. Miwani alisimama nyuma yake akimsomea tarehe.

Miezi miwili ya kwanza, maji. Wa tatu, rangi ya chai iliyochujwa mara ya pili. Kisha ikapanda, kishimo kwa kishimo, kama ngazi iliyolazwa. Miezi minane.

Akafungua daftari la kazi. Wakati ule walikuwa wanatumia kingamwili ya zamani, iliyokaribia kuisha muda wake, lakini nayo ilikuwa imeona. Mara tano ilikuwa imeona. Na mara tano, mbele ya namba hiyo, kulikuwa na maneno kwa kalamu ya buluu: *Namba Tatu iko juu. Haiwezekani. Kosa la mkono. Puuza.* Chini yake saini. Alikuwa na saini nzuri, yenye mkia.

Hakuna mtu mwingine duniani ambaye angefanya kosa hilo. Mtu baki angeona namba, akauliza huyu anaumwa nini. Yeye alikuwa anamjua mwenye namba. Alimjua alivyobeba makochi, alimjua anavyojisifu, na kwenye kichwa chake neno "mzima" lilikuwa na sura, na sura hiyo ilikuwa ikimpigia mluzi kila asubuhi. Kipimo kilipobisha, alikihukumu kipimo. Hata barua ya kuomba kingamwili mpya, iliyosema ya zamani imeanza kuwazulia watu ugonjwa, aliiandika yeye.

"Dada," Miwani alisema taratibu, "mpeleke hospitali kwanza. Mambo ya daftari baadaye."

"Ijumaa ni keshokutwa."

"Ndiyo nasema."

*

Profesa aliangalia sahani kwenye mwanga wa dirisha kwa muda mrefu. Uso wake ulifunguka.

"Hii ni kingamwili safi sana," alisema. "Safi mno. Inatenganisha kama kisu. Nilijua watengenezaji wale hawabahatishi."

Hakusema "nilikosea". Wakubwa hawakosei, hujua baadaye.

"Profesa, Namba Tatu anaumwa."

"Naona. Tena ni mfano mzuri kuliko wagonjwa wetu wote. Na tuna damu yake tangu akiwa mzima! Unajua ni mara ngapi mtu hupata kitu kama hiki? Mlete tumchukue ya kutosha kabla hajaanza matibabu. Wakishaanza kumpa dawa watatuharibia."

"Ni mume wangu."

Profesa aliweka sahani chini. Kwa sekunde chache alikuwa mtu wa kawaida. "Pole," alisema. "Pole sana. Sikujua." Kisha macho yakarudi kwenye daftari, na mtu wa kawaida akaondoka. "Miezi minane?"

"Minane."

Profesa aliliona tatizo kabla hajaambiwa. Miezi minane maabara ilikuwa ikilinganisha wagonjwa na mgonjwa. Dawa mpya aliyokuwa akiijaribu kwa wagonjwa hao, iliyoonekana kuwashusha watu hadi kwenye afya, ilikuwa imewashusha hadi kwa Chuma. Ripoti ilishapelekwa kwa wafadhili.

"Hapa uliandika kosa la mkono," Profesa alisema, kidole juu ya saini.

"Nilikosea."

"Uliandika ulichoona ni sahihi siku ile. Daftari halifutwi, huo ni msingi wa kazi yetu. Liache kama lilivyo. Tutaanza na mzima mwingine, tarehe ya leo." Akafungua droo, akatoa karatasi. "Mkataba. Si mwaka mmoja, ni miaka mitatu. Wewe ni mfanyakazi mwangalifu. Na nikukumbushe, matokeo ya utafiti si matokeo ya tiba. Hayatoki nje ya jengo hili, hata kwa mtu wa familia. Ukisaini, unakubali hilo."

Dada Vishimo aliangalia mistari, ikachezacheza. Ada za shule za watoto wawili, kodi ya nyumba, na sasa hospitali, ambayo haijawahi kutibu mtu kwa pole. Akasaini. Mkia wa saini ulitoka vizuri kama siku zote.

Kisha akarudi mezani, akatoa simu, na Miwani akageukia ukutani kusoma kalenda.

*

"Namba zimepanda kidogo," alimwambia mumewe. "Tukaangalie tu."

"Tangu lini?"

"Juzi."

"Basi ni mafua," Chuma akasema. Lakini alivaa lile shati la kutokea, ambalo sasa lilimkaa kama la kaka yake mkubwa.

Hospitali ilikuwa ng'ambo ya barabara kutoka maabara. Walikaa kwenye benchi tangu asubuhi hadi mchana. Daktari aliyewapokea alikuwa mwanamke wa makamo mwenye macho ya mtu aliyekosa usingizi kwa miaka. Alimpapasa Chuma shingoni, kwapani, chini ya mbavu za kushoto. Hapo mkono ukasimama, ukarudi, ukasimama tena.

"Huu uvimbe umeanza lini?"

"Juzi," Chuma akasema. "Nilikuwa sina kitu."

"Jasho la usiku? Kukonda?"

"Kidogo, lakini ni joto na kazi. Daktari, nikwambie." Akamwelekezea mkewe kidole gumba, kifua mbele kama zamani. "Huyu mke wangu ni mtaalamu wa mambo haya haya. Ananipima damu kila mwezi, mwaka mzima sasa. Kitu kingekuwepo, angekiona yeye kabla yangu. Watu wana bima, mimi nina huyu."

Daktari alimgeukia Dada Vishimo. "Ni kweli? Ni ya karibuni?"

Dada Vishimo akaingiza mkono mkobani.

"Naomba mnielewe," daktari alisema. "Kipimo kikubwa kina foleni. Kama ni jambo la juzi, nitawapa tarehe, kama miezi mitatu hivi. Kama lina muda na linapanda, anaingia wodini leo, na kesho anapimwa. Lakini siwezi kumpitisha mbele ya wengine kwa maneno. Mpokeaji atauliza ushahidi."

"Tarehe inatosha," Chuma akasema. "Kuna wagonjwa hapa, daktari, tusiwazibie njia."

"Miezi minane," Dada Vishimo akasema.

Aliitoa simu, akaiweka juu ya meza. Daktari akaivuta. Picha ya kwanza, ngazi ya njano. Ya pili, daftari. Daktari alizipitia taratibu, akikuza herufi kwa vidole viwili, na Chuma, ambaye mambo ya wataalamu yalikuwa yakimfurahisha siku zote, aliinama kusoma pamoja naye.

Alikuwa anaujua ule mwandiko. Ndio ulioandika kwenye karatasi za vitu vya kununua dukani, na kwenye barua nne alizokuwa amezihifadhi chini ya godoro tangu uchumba. Alisoma mara ya kwanza. Akasoma ya pili, ya tatu, zote tano, midomo ikitembea. Mkewe alisubiri utani. Alisubiri neno lolote, hata la kumtukana.

"Mmefanya vizuri kuleta hizi," daktari alisema, akiandika. "Nitahitaji nakala iingie kwenye faili. Maabara yenu itatoa barua?"

"Haitatoa," Dada Vishimo alisema. "Weka picha. Weka na jina langu."

"Kazini hawatakusumbua?"

"Wataniondoa."

Daktari alimtazama kidogo, akagonga muhuri, akamwita muuguzi. Chuma aliteremsha mkono wa shati, akafunga kifungo. Alisimama mwenyewe, akachukua faili lake, akatoka nalo kwenye korido yenye milango mingi.

Mkewe alikuwa amesimama kando yake kabisa. Njia ya wodi ile aliijua kama ya jikoni kwake. Kwa miaka sita alikuwa akiipita mara mbili kwa wiki kuchukua damu za watu.

Chuma alimpita, akamfuata muuguzi, akamuuliza yeye njia.